Nafasi ya Mtu Mzima katika Mchezo wa Mtoto

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, shule ya awali hupimwa kwa daftari. Mzazi anayempokea mtoto wa miaka minne mchana hufungua mkoba, hutazama kurasa zilizojaa herufi zilizonakiliwa kutoka ubaoni, huhesabu alama za vema zilizotiwa kwa kalamu nyekundu, na hapo huamua kama ada yake imekwenda mahali pake. Akikuta mkobani mchanga na gari la udongo lililokauka nusu, hulalamika kwamba mtoto ameshinda akicheza. Lalamiko hilo linastahili kujibiwa kwa ushahidi, kwa sababu linatoka kwa watu wanaowatakia watoto wao mema na waliojinyima mengi ili wawasomeshe. Ushahidi uliopo unaonyesha kwamba mtoto aliye chini ya miaka sita hujenga msingi wa hesabu, wa lugha na wa nidhamu akiwa mchezoni, na mara nyingi huujenga vizuri kuliko akiwa ameketi kimya mbele ya ubao. Ushahidi huohuo unakataa pia kosa la upande wa pili, ambalo husemwa kwa nadra, nalo ni kumwachia mtoto mchezo kana kwamba mtu mzima hana la kufanya humo. Mtu mzima ana kazi ndani ya mchezo wa mtoto, tena kazi ngumu inayohitaji kujifunzwa, na hiyo ndiyo mada ya sura hii.

Mchezo, kwa maana inayotumika hapa, ni shughuli ambayo mtoto ameichagua au ameikubali kwa hiari yake, anaifanya kwa ajili ya raha iliyomo ndani yake, na yuko huru kuibadilisha inapoendelea. Aina mbili zinapaswa kutofautishwa mapema. Mchezo huru ni ule ambao mtoto hupanga mwenyewe vifaa, wahusika na mwendo wake, huku mtu mzima akibaki mlinzi wa usalama. Mchezo wenye mwongozo ni ule ambao mtu mzima ameandaa mazingira akiwa na lengo la kujifunza, kisha akamwachia mtoto uamuzi wa nini kifanyike, naye akawa anaingia kwa swali au kwa neno pale tu panapohitajika. Aina zote mbili ziko mbali na mafundisho ya moja kwa moja, ambamo mtu mzima hueleza na mtoto hurudia, na pia ziko mbali na zoezi lililopakwa rangi na kuitwa mchezo, kwa mfano kuwaamuru watoto arobaini wapige makofi kwa pamoja huku wakitaja irabu. Zoezi la namna hiyo linaweza kuwa na faida yake, ila mtoto hakuamua chochote ndani yake.

Chimbuko la fikra hii

Wazo kwamba mchezo ni njia ya elimu, wala si mapumziko yake, lilipewa shule na Friedrich Froebel, aliyefungua mwaka 1837 katika mji wa Bad Blankenburg, Ujerumani, taasisi ya watoto wadogo ambayo baadaye aliipa jina linaloifananisha na bustani. Froebel aliwapa watoto mipira ya sufu, kisha tufe, mchemraba na mcheduara vya mbao, akiamini kwamba mtoto anayevizungusha, kuvipanga na kuvibomoa anakutana na tabia za maumbo kabla ya kujua majina yake. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule za namna hiyo mwaka 1851, na marufuku hayo yalidumu hadi 1860. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alifungua nyumba yake ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, miongoni mwa familia maskini za wafanyakazi, na akaonyesha kwamba kifaa kilichotengenezwa kwa kipimo cha mkono wa mtoto humfanya adumu na kazi moja kwa muda mrefu kuliko watu wazima walivyotazamia.

Waliofuata walitaka kujua kinachotendeka ndani ya akili. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, katika kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu maadili ya mtoto, alichunguza watoto wa Geneva na Neuchâtel wakicheza gololi na kuwauliza kanuni za mchezo zimetoka wapi na kama zinaweza kubadilishwa. Wadogo walizichukulia kanuni kuwa ni amri zisizoguswa, ingawa wao wenyewe hawakuzifuata sawasawa. Wakubwa walielewa kuwa ni mapatano, na kwamba wote wakiridhia zinaweza kubadilika. Ugomvi wa gololi unaosikika katika vichochoro vya Tanga au Kisumu, ambao mtu mzima hukimbilia kuuzima kwa kuwanyang'anya watoto gololi zao, ni darasa hilohilo la jinsi sheria inavyotungwa na kuheshimiwa, na mara nyingi lingefika mwisho mwema kama lingeachwa dakika chache zaidi.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 37, alikwenda mbali zaidi katika mhadhara alioutoa mwaka 1933. Alidai kwamba mchezo wa kuigiza, yaani ule ambao mtoto hujifanya mtu mwingine au hukifanya kitu kimoja kisimame badala ya kingine, una mambo mawili yanayoambatana: hali ya kubuni, na kanuni inayotokana na hali hiyo. Fimbo ikifanywa farasi, maana inaanza kutengana na kitu chenyewe, na uwezo huo wa kukubali kwamba alama inasimama badala ya kitu ndio utakaohitajika siku mtoto atakapokutana na herufi, ambayo nayo ni alama isiyofanana hata kidogo na sauti inayowakilishwa. Kwa upande wa kanuni, mfano uko katika kila ua ambamo watoto hucheza baba na mama. Anayeigiza mama amepika wali wa mchanga kwenye kifuu, na embe la kweli limekatwa pembeni. Anatamani kulila mara moja, lakini mama hali kabla ya wageni, kwa hiyo anawagawia wenzake kwanza na kusubiri. Mtoto huyohuyo, akiambiwa na mtu mzima asubiri zamu yake, huenda angelia. Ndani ya mchezo anajizuia kwa hiari, kwa sababu kujizuia ndiko kunakoufanya mchezo uwepo.

Wanasaikolojia wa leo hukusanya uwezo huo chini ya dhana ya kujitawala kwa akili, ambayo ina sehemu tatu: kushikilia jambo akilini wakati wa kulitumia, kuzuia msukumo wa kwanza, na kubadili mwelekeo hali inapobadilika. Mtoto anayeanza darasa la kwanza akiwa na uwezo huu husikiliza maelekezo hadi mwisho na hurudia kazi aliyokosea bila kukata tamaa. Asiye nao huitwa mtundu au mzito, na mara nyingi huadhibiwa kwa jambo ambalo hakupewa nafasi ya kulijenga.

Hesabu ndani ya shimo la mdako

Hakuna somo ambalo watu wazima hulichanganya na kukariri kama hesabu. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kutaja namba kutoka moja hadi kumi bila kukosea, na bado, akiombwa alete vijiko vinne, akachota vilivyomjaa mkononi bila kuhesabu. Karen Wynn, mwanasaikolojia wa Marekani, alichunguza jambo hili katika tafiti alizozitoa mwanzoni mwa miaka ya 1990, akaonyesha kwamba watoto hupanda polepole: kwanza wanaelewa moja, baada ya miezi kadhaa mbili, kisha tatu, na ndipo siku moja hugundua jinsi kuhesabu kunavyofanya kazi kwa namba zote wanazozijua. Kinachogunduliwa siku hiyo ni kanuni ambayo Rochel Gelman na C. R. Gallistel waliieleza mwaka 1978, kwamba namba ya mwisho kutajwa ndiyo idadi ya vitu vyote vilivyohesabiwa. Kanuni hiyo hukaa juu ya nyingine mbili: kila kitu hupewa namba moja tu, na mfuatano wa namba haubadiliki. Kuimba namba hufundisha hiyo ya mfuatano peke yake. Zilizobaki zinahitaji vitu vinavyoshikika, vinavyohama kutoka mkono hadi mkono, na sababu ya kutaka kujua ni vingapi.

Mdako una sababu hiyo. Watoto huchimba kishimo, hukijaza vijiwe, na mchezaji hurusha jiwe moja juu. Kabla halijaanguka huvichota vijiwe nje ya shimo, hulidaka lile la juu, kisha hulirusha tena na kuvirudisha vijiwe vyote shimoni isipokuwa kimoja, ambacho kinakuwa chake. Katika duru nyingine huachwa viwili viwili, kisha vitatu vitatu. Katika nusu sekunde ambayo jiwe liko hewani, mchezaji hana muda wa kuhesabu kimoja kimoja, hivyo analazimika kutambua idadi kwa kutupa jicho, uwezo ambao binadamu anao kwa makundi ya vitu visivyozidi vitatu au vinne hivi na ambao ni nguzo mojawapo ya hesabu. Kuacha vitatu kutoka katika kumi na mbili ni kutoa. Kumaliza shimo kwa vitatu vitatu ni kugawanya, na baki linapotokea watoto hulijadili kwa hamasa ambayo mwalimu wa darasa la tatu angeitamani.

Mdako huchezwa sawasawa na watoto wa miaka sita kwenda juu, lakini mdogo anayekaa pembeni akitazama hayuko nje ya somo. Kazi yake huwa kukusanya vijiwe vilivyotawanyika na kuvirudisha, na ni kazi inayomhesabisha. Hali ni hiyohiyo kwenye bao: lile la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ni gumu hata kwa watu wazima wengi, lakini mtoto wa miaka minne anayepewa komwe chache na kuruhusiwa kuzitia moja moja katika kila shimo anatenda kwa vidole kanuni ya kitu kimoja kwa namba moja. Bibi anayemwambia, "Haya mjukuu wangu, tuone zitaishia wapi," amemwomba akisie, na kukisia kabla ya kujaribu ni mwanzo wa sayansi.

Lugha, masikio na mikono

Kusoma huanza masikioni. Kabla ya kuelewa kwamba herufi huwakilisha sauti, mtoto anapaswa kung'amua kwamba neno lenyewe limeundwa na vipande vinavyoweza kutenganishwa, na utambuzi huo wa vipande vya sauti ni miongoni mwa viashiria vinavyotumiwa na watafiti kukisia nani atajifunza kusoma bila taabu. Kiswahili kina bahati hapa, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia na irabu, husikika wazi, na maandishi yake huyafuata matamshi kwa uaminifu. Kina pia mchezo unaoifanya kazi hiyohiyo, nao ni kinyume, ambao Edward Steere aliyeandika kuhusu Kiswahili cha Unguja katika karne ya 19 aliueleza, na ambamo silabi ya mwisho huhamishwa mbele ili wasiohusika wasielewe: mbuzi akawa zimbu, kitabu kikawa bukita. Mtoto anayeweza kuzungumza kinyume amekwisha kukata maneno kwa silabi maelfu ya mara bila kuambiwa kwamba anasoma. Kwa wa miaka minne, kugeuza majina ya watu wa nyumbani kunatosha, na kicheko kinachofuata ndicho kitakachomfanya aombe jingine.

Vitendawili navyo hufunza jambo ambalo picha za alfabeti hazilifundishi. Anayetega nyumba isiyo na mlango, akitaka ajibiwe yai, anamlazimu mtoto aache sura ya kitu na kutafuta sifa inayoshirikiwa na vitu viwili vilivyo mbali. Hadithi za jioni humpa maneno ambayo hayatumiki katika maagizo ya kila siku, kwa sababu lugha ya kumwagiza mtoto ni fupi: njoo, acha, kaa, kula. Nyumba ambamo mtoto husikia maagizo peke yake humnyima msamiati, hata ikiwa ina runinga inayozungumza kutwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kwa ajili ya burudani, na kwamba wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Pamoja na hayo lilitaka mtoto wa miaka mitatu na minne apate walau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kila siku, zikiwemo 60 za kukimbia, kuruka na kuhema. Skrini haimjibu mtoto anapotamka neno nusu. Mtu humjibu.

Mikono inahitaji maelezo mafupi, kwa kuwa hapa ndipo daftari linapoleta madhara ya wazi zaidi. Mtoto mchanga huzaliwa vifupa vya kifundo cha mkono vikiwa bado gegedu, na hukomaa taratibu kwa miaka mingi, kwa hiyo kumdai mtoto wa miaka mitatu mistari iliyonyooka ya herufi ni kumdai kitu ambacho mwili wake haujafika. Udongo, ukili wa kusuka, kupukuchua mahindi na kufinyanga matonge huimarisha vidole vitakavyoshika kalamu kesho. Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi kwa miaka mingi nchini Zambia, alichapisha mwaka 1979 utafiti unaopaswa kujulikana na kila mtungaji wa mitihani ya watoto. Aliwataka watoto wa Zambia na wa Uingereza wanakili maumbo kwa njia mbalimbali. Kwa karatasi na penseli, wa Uingereza waliwashinda wa Zambia. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia hutengenezea magari ya kuchezea, wa Zambia waliwashinda wa Uingereza. Kwa udongo wa kufinyanga, walilingana. Angepima kwa penseli peke yake, angeandika kwamba watoto wa Afrika wana upungufu wa kutambua maumbo, na vitabu vingi vingemnukuu.

Ushahidi wa mwongozo

Kwamba mtu mzima ana nafasi ndani ya mchezo kulithibitishwa vizuri na jaribio la Kelly Fisher na wenzake, lililochapishwa mwaka 2013. Watoto wa miaka minne na mitano waligawanywa katika makundi matatu ili wajifunze maumbo. Kundi la kwanza lilielezwa na mtu mzima kila kitu: pembetatu ina pande tatu na pembe tatu. La pili lilipewa vifaa vya maumbo na kuachwa licheze lipendavyo. Katika la tatu mtoto na mtu mzima walijifanya wapelelezi wanaotafuta siri ya maumbo, mtu mzima akiuliza na mtoto akigundua. Baadaye walionyeshwa pembetatu za ajabu, nyembamba au zilizolala kwa ncha, na waliozitambua zaidi ni wale wa mchezo wenye mwongozo, nao waliendelea kuzitambua hata baada ya wiki moja. Waliocheza huru walijua maumbo kwa sura tu. Mapitio ya tafiti 39 yaliyochapishwa mwaka 2022 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge yalifikia hukumu ya aina hiyo kwa stadi za awali za hesabu: mwongozo ndani ya mchezo ulizidi mafundisho ya moja kwa moja.

Ushahidi mzito kuliko wote unatoka Jamaika, nchi ambayo umaskini wake unafahamika kirahisi kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliandikisha mjini Kingston watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa maskini. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kwa saa moja kila wiki, kwa muda wa miaka miwili, na wahudumu wa afya wa jamii ambao hawakuwa walimu wala wanasaikolojia. Mhudumu alifika na kichezeo kilichotengenezwa kwa vitu vilivyotupwa, alicheza na mtoto mbele ya mama, akamwonyesha mama jinsi ya kuendelea, akakiacha kichezeo hicho, na wiki iliyofuata alikichukua na kuleta kingine. Miaka ishirini baadaye, wachumi waliwatafuta walewale, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliochezewa walikuwa na kipato kilichozidi kwa asilimia 25 cha wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa. Walikuwa wamewafikia watu wa rika lao ambao hawakudumaa. Chupa tupu, makasha na vipande vya vitambaa vilifanya hivyo, pamoja na mtu mzima aliyefundishwa namna ya kuzungumza na mtoto akiwa navyo mkononi.

Pwani ya Kenya ilianza safari yake wakati huohuo. Mwaka 1986 Mombasa, kutokana na ombi la viongozi wa jamii ya Kiislamu waliotaka watoto wao wawe tayari kwa shule bila kupoteza dini na utamaduni wao, Wakfu wa Aga Khan ulianzisha mpango wa shule za awali za madrasa, ukiongozwa na Bi Swafiya Said, mwalimu mwenyeji. Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu walikuwa wanawake wa palepale mtaani, vyumba viligawanywa katika kona za kujifunzia, na rafu zilijaa vifuu, makomwe, vitambaa vya kanga, vifuniko na mbegu. Hadithi na nyimbo za Waswahili zilipangwa pamoja na mafunzo ya dini, na mtoto alichagua kona yake, akafanya kazi yake, kisha akaeleza alichofanya. Utafiti wa Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, uliochapishwa mwaka 2008, ulilinganisha watoto hao na waliosoma shule nyingine za awali na waliobaki nyumbani. Waliosoma shule yoyote ya awali waliwazidi waliobaki nyumbani, na wa madrasa waliwazidi wote. Jambo la kuthaminiwa hapa ni kwamba ufanisi huo haukuhitaji vichezeo vya kuagizwa, wala haukumtaka mtoto avue utamaduni wake mlangoni.

Namna ya kuingia na kutoka

Vygotsky aliita eneo la ukuaji jirani lile pengo lililopo kati ya jambo ambalo mtoto analiweza peke yake na lile analoliweza akisaidiwa na mjuzi zaidi. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walieleza msaada unaotolewa katika pengo hilo kwa mfano wa jukwaa la mafundi ujenzi: linasimamishwa ili ukuta upande, na linaondolewa ukuta unapoweza kusimama wenyewe. Wengi hujua kulisimamisha. Kuliondoa ndiko kunakowashinda, na hapo ndipo mzazi mwenye bidii huharibu mchezo kwa kuugeuza mtihani.

Hatua ya kwanza basi ni kunyamaza na kutazama. Mtoto anayemimina maji kutoka kopo refu hadi sufuria pana ana swali lake, ingawa hajalitamka, na mtu mzima anayeingia na swali jingine ("Hili kopo rangi gani?") amemwondoa kwenye uchunguzi wake na kumrudisha kwenye jambo alilokwisha kulijua. Akitazama kwanza, ataona kwamba kinachomshangaza mtoto ni maji kuonekana kupungua yakiwa kwenye chombo kipana, na hapo anaweza kukitaja tu kilichotendeka, "Yalijaa hapa, na huku yamefika chini," kisha akasubiri. Subira hiyo inapaswa kuwa ndefu kuliko mazoea, kwa kuwa mtoto mdogo huhitaji muda kuyapanga maneno yake. Likihitajika swali, liwe lile ambalo muulizaji mwenyewe hana jibu lake tayari: itakuwaje tukiongeza, tufanyeje lisivuje, nani mwingine anaweza kuja dukani kwako. Mtoto akiendelea bila kujibu, ameshajibu. Anayecheza naye hana budi kurudi nyuma.

Mtu mzima huchangia pia kwa vitu na kwa muda. Kipande cha kanga hukubali kuwa paa, bahari, mbeleko au kilemba, wakati kichezeo cha betri chenye kitufe kimoja hukubali jambo moja. Gunzi la hindi lililovishwa kitambaa ni mwanasesere anayemtaka mtoto abuni uso, jina na maradhi yake. Tahadhari ni chache ila hazina mjadala: komwe, maharage, gololi na vifuniko vidogo havifai kwa aliye chini ya miaka mitatu, ambaye huvitia mdomoni na puani, na chombo kilichowahi kutiwa dawa ya wadudu au mafuta ya taa hakisafishiki kiasi cha kuwa kichezeo. Kuhusu muda, mchezo wa kuigiza huchukua dakika nyingi kupanga wahusika kabla haujaanza kuchezwa, na ukikatizwa kila robo saa hubaki katika maandalizi.

Hapa kuna dhuluma ya kimya inayohitaji kutajwa. Katika kaya nyingi mvulana wa miaka mitano huachwa na chandimu yake hadi magharibi, huku dada yake wa miaka sita akiitwa mara kwa mara kushika mtoto, kuosha vyombo na kutumwa dukani. Bame Nsamenang, mwanasaikolojia wa Kameruni, aliwakumbusha wataalamu wa Magharibi kwamba mtoto wa Kiafrika hujifunza mengi ndani ya kazi za nyumbani na kutoka kwa watoto wenzake, na hoja yake ni ya haki: kupanga vikombe kwa idadi ya watu ni hesabu, na mama anayeimba na binti yake wakichambua mchele anamfundisha. Hoja hiyo haihalalishi kazi inayommaliza msichana nguvu na mchana wote. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinampa kila mtoto haki ya kupumzika na kucheza, na hakimbagui binti.

Shule inayoruhusu mchezo

Maandishi ya serikali yanakubaliana na hoja za sura hii kuliko madarasa yanavyokubaliana nayo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali ya mwaka mmoja kuwa ya lazima, na mtaala wake unataka mtoto ajifunze kwa michezo na kona za kujifunzia. Kenya, yenye miaka miwili ya awali, iliingiza mtaala wa umilisi kote nchini mwaka 2019, nao unataka vivyo hivyo. Kikwazo ni idadi. Tanzania imeweka kiwango cha mwalimu mmoja kwa watoto 25, na madarasa mengi ya umma yana mara mbili, mara tatu au zaidi ya hapo. Mwalimu aliyeachwa peke yake na watoto tisini hashiki ubao na fimbo kwa kukosa maarifa, bali kwa sababu hana njia nyingine ya kuwaweka mahali pamoja. Kumlaumu ni rahisi; kumpatia msaidizi kutoka mtaani, uwanja wenye kivuli, mchanga, maji na ruhusa ya kugawa darasa kwa zamu ni wajibu wa halmashauri na wa kamati ya shule. Shule binafsi hazina udhuru huo. Zile zinazomfanyia usaili wa kuandika mtoto wa miaka mitatu, na zinazomfungia kazi ya nyumbani mtoto wa miaka minne, zinafanya hivyo kwa sababu wazazi wako tayari kuyalipia mambo hayo.

Mzazi anayetafuta shule ya awali aombe kuingia darasani wakati wa masomo, asimame mlangoni kwa nusu saa, na atazame mambo matatu: kama watoto wanazungumza wao kwa wao, kama vifaa viko mahali wanapovifikia wenyewe, na kama mwalimu huinama kuzungumza na mtoto mmoja mmoja. Kisha aulize watoto hucheza kwa muda gani kila siku na mwalimu hufanya nini wakati huo. Shule inayojibu kwamba wakati huo mwalimu husahihisha madaftari haijawa tayari kupokea mtoto.